Gumba Juu ya Vanishi

Alianza na brashi laini, akapangusa vumbi kwenye kope za mwanasesere wa mbao, taratibu, kama anampangusa mtoto aliyelala. Alipomgeuza, mwanasesere alimng'ang'ania kidoleni. Vanishi ya zamani ikikaa kwenye joto hulainika na kunata, na vumbi likishapata makao halihami kwa kubembelezwa.

Mezani pale dukani walikuwa kumi na wawili, waliosalia. Zamani wazazi walileta picha za watoto wao, naye, mjane huyu ambaye mtaa humwita Bi Brashi, akachora kila kitu sawasawa: pengo la jino, baka la shavuni, jicho lililolegea. Mumewe alichonga mbao na kupaka vanishi, basi. Lakini dukani alisema, "Nachora mwenyewe," na kabla ya vanishi aliandika jina lake unyayoni. Watu wakamsifu hadi akafa.

Bi Brashi hajui kusoma wala kuandika. Kwa hiyo vanishi ilipokauka na mume akatoka, alichovya gumba kwenye rangi nyekundu, akaligandamiza unyayoni. Gumba hilo lilipasuliwa na msumeno tangu usichana, lina mfereji katikati. Gumba kama hilo hakuna mwingine analo.

Leo mtu wa makumbusho anakuja kuwachukua wanasesere na kuandika jina la aliyewachora. Bi Brashi alikubali kuja dukani kuwasafisha kwa sababu hiyo tu.

"Wifi, mbona nyayo unaziruka?" aliuliza dada wa marehemu, ambaye sasa ndiye mwenye duka, mikono kiunoni.

"Zina alama yangu."

"Alama! Hata kuku huacha alama topeni, wifi yangu, lakini hadai shamba."

Akacheka peke yake, akaenda kufagia mlangoni.

Mgeni alifika mchana, kijana mpole mwenye glavu nyeupe. Bi Brashi alimnyooshea unyayo wa kwanza kabla hata hajaketi.

"Tazama, mwanangu. Gumba langu hilo. Niliyewachora ni mimi."

Kijana aliinama na kioo cha kukuzia. "Mama, mimi naona doa jeusi tu. Lisafishe. Likionekana gumba, nitaandika jina lako."

Angeweza kuomba brashi achore mbele yake, lakini macho yameingia ukungu, na pengo la jino ni kazi ya macho. Gumba ndilo lililobaki.

Alijaribu maji ya sabuni. Doa halikusogea. Akachovya pamba kwenye spiriti. Kanuni aliijua: pamba ikitoka njano, unaondoa vanishi, ikitoka na rangi, simama. Mara ya kwanza tu, ilitoka nyekundu. Alisimama, lakini spiriti haingoji mtu. Vanishi iliondoka, na gumba lililokuwa mgongoni mwake likaenda nayo. Chini yake likatokea jina la mume, jeusi, zima, kama limeandikwa jana.

Akachukua wa pili. Jina. Wa tatu, kwa ncha ya pamba, pumzi ameishika. Jina.

Miaka yote hiyo haikumjia akilini hata siku moja: ukweli wake aliuweka juu ya kitu kinachofutwa, na mume uongo wake akaufunika vizuri.

Kijana alilisoma jina kwa sauti, akaliandika. "Samahani, mama," alisema, na kweli alionekana kuona haya.

"Si nilisema?" alidakia wifi. "Malizia basi, wasiondoke wananata."

Walibaki tisa. Angeweza kuweka pamba chini aende zake, na magumba tisa yakabaki chini ya uchafu. Yabaki yakimngoja nani? Mwenye kuandika ameshaandika. Na tangu azaliwe, kitu hakijatoka mkononi mwake kichafu. Akachovya pamba.

Alipomweka chini wa kumi na mbili, kijana alipitisha kidole unyayoni. Hakikunata.

"Kazi safi sana hii. Nani alikufundisha, mama?"

Bi Brashi alifungua kinywa.

"Kaka yangu," alijibu wifi.

Bi Brashi alikusanya pamba zake nyekundu, akazikunja kwenye gazeti.