Msaga unga anayependa foleni ndefu

Mkanda unapiga kofi mara mbili, injini inakohoa, kisha kibanda kizima kinaanza kutetemeka. Jua bado halijavuka paa la zahanati, lakini nje ya mashine ya kusaga, ndoo na magunia yameshapangwa foleni, na nyuma ya kila ndoo yuko mwenyewe, anapiga miayo au anapiga soga.

Ndani, mwanamume mwembamba aliyejifunga kitambaa puani anamimina mahindi kwenye mdomo wa mashine. Nywele nyeupe kwa unga, nyusi nyeupe, hata kope. Hajafika miaka arobaini na tano, lakini watoto wa hapa wanamwamkia kama babu yao. Wanamwita Mvi, na jina limemkaa kiasi kwamba akiitwa kwa lile la kwenye kitambulisho hageuki.

Leo anamimina huku macho yako nje. Kila akimaliza ndoo anachungulia dirishani, anaitazama njia inayoteremka kutoka nyumba za juu, kisha anarudi kwenye mashine amenuna. Ndoo ya mama mmoja inafurika mpaka unga unamwagika sakafuni.

"We Mvi, unga wangu unaulisha udongo!" mwenye ndoo anapiga kelele.

"Nisamehe dada, nimepitiwa."

Hakupitiwa. Anamngoja bibi mmoja mwenye kimfuko cha kitambaa, na asipokuja leo, huenda asije tena.

Mvi ni mmoja wa watu kumi na wawili wa kijiji hiki wanaojitolea kuwatembelea wanaoishi peke yao. Hawana ofisi wala sare. Aliyewakusanya ni muuguzi wa zahanati, baada ya kuchoka kuhudumia wagonjwa wasio na ugonjwa. Walikuwa wanafika asubuhi, wanasema kichwa kinauma, wanapewa vidonge, halafu wanabaki kwenye benchi mpaka anapofunga mlango.

"Walitaka kuulizwa hali tu," anasema muuguzi. "Na mimi nina watoto wenye homa wananililia. Nikaona hii dawa kwenye kabati langu haimo."

Siku alipopeleka mahindi yake kusagwa, alimuuliza Mvi, kwa kupigana na kelele za mashine, kama anawajua watu wa kijijini wanaokaa peke yao. Mvi akamtajia saba palepale, mkono wake ukiendelea kumimina.

"Anayekula na wenzake analeta ndoo," anaeleza. "Anayekula peke yake analeta kimfuko. Na hutamsikia akisema nisagie upesi, watoto wananisubiri. Nani anamsubiri?"

Muuguzi akamjibu kwamba kama anawajua hivyo, basi ni wake. Akampa watatu, wengine wakagawiwa wenzake.

Masharti ya kikundi ni machache. Usiende na mahubiri, usiende na haraka, na ukisimuliwa jambo ulilokwishasimuliwa, licheke upya. Kila Alhamisi mchana Mvi anazima mashine, ananawa uso na kwenda kutembea. Mchana huo mmoja unamlia sehemu nzuri ya mapato yake ya wiki, na mashine ndiyo inayolisha nyumba yenye watoto wanne.

Mkewe ni fundi cherehani, na mdomo wake una makali kuliko mkasi wake.

"Wanawake wenzangu waume zao wakichelewa wanakosa usingizi," anasema, akikata uzi kwa meno. "Wangu akichelewa najua yuko kwa mpenzi wake wa miaka themanini, anacheza karata. Tena anarudi amefungwa."

Mpenzi mwenyewe ni Bibi Kengele, mmoja wa wale watatu. Kwa miaka mingi alikuwa mpishi na mpiga kengele wa shule. Wanasimulia hapa kwamba kengele ilipoibwa, aliwaita wanafunzi kwa mdomo muhula mzima, na mwalimu mkuu hakugundua kama kuna kilichopotea. Mumewe ameshafariki. Binti yake wa pekee anafanya kazi mjini, mbali.

Jumanne ndiyo siku ya foleni kubwa, kwa sababu hata watu wa mashamba ya mbali wanashuka. Kila Jumanne Bibi Kengele alikuwa wa kwanza kufika. Aliweka kimfuko chake mbele kabisa, kisha akaanza kugawa nafasi yake kama mtu anayegawa karanga.

"Pita mwanangu, una mtoto mgongoni. Pita na wewe, uso wako unasema umeacha jiko linawaka. Wewe huna mtoto wala jiko, lakini pita tu, unanikera kwa kuhema."

Ikifika adhuhuri bado yupo. Ameshaamua ugomvi wa nani alitangulia, ameshajua binti gani kaposwa, ameshamsema mlevi mmoja mpaka akaenda kunawa uso. Unga wake ulisagwa wa mwisho.

Mvi, kutoka dirishani, aliona kitu kingine. Aliona mwanamke aliyekula chumvi nyingi akisimama juani asubuhi nzima kwa ajili ya unga wa kujaza sufuria moja. Roho ikamuuma.

"Nikasema huyu bibi anateseka na mimi nipo?" anakumbuka. "Nikamwambia, bibi, usihangaike tena. Alhamisi nakuja kwako hata hivyo. Nitachukua mahindi, nitakuletea unga, tena nimeuchekecha."

Bibi alishukuru. Nani angekataa? Kijiji kikamsifu Mvi, muuguzi akamtaja kwenye kikao cha kikundi, na Mvi akatembea kifua mbele wiki nzima. Mkewe anasema hata chakula alikuwa anakula kwa madaha.

Lakini kadiri wiki zilivyopita, Alhamisi za nyumbani kwa Bibi Kengele zilipoteza ladha. Karata zilibaki kwenye boksi lake. Maswali ya Mvi yalijibiwa kwa "ndiyo" na "sijambo". Ile sauti iliyokusanya shule nzima ikawa ndogo hata ikabidi Mvi asogeze kiti ili aisikie.

Alhamisi moja alipokwenda kuweka mfuko mpya pembeni ya jiko, akaikuta mifuko ya nyuma imepangwa pale pale, imefungwa kama alivyoifunga yeye. Hakuna uliofunguliwa.

"Bibi, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona huli sasa?"

"Njaa haiji, mjukuu wangu."

Mvi akavuta kiti akaketi. Kisha bibi akamuuliza kama mke wa fundi matofali alishajifungua. Mvi hakujua. Akauliza kama wale ndugu wawili waliokamatana mashati kwa sababu ya mbuzi walipatana. Mvi hakujua. Akauliza kama yule mlevi bado anaoga. Mvi akakuna kichwa mpaka unga ukamwagika mabegani.

"Kila alichoniuliza sikuwa nacho," anasema. "Mimi nakaa ndani na likelele langu. Habari zote ziko nje, kwenye foleni. Ndipo nikaelewa. Yule mama hakuwa anasubiri zamu yake, alikuwa anaikimbia. Halafu mimi, mjuaji, nikaenda kumfungia ndani, na unga nikampelekea humo humo."

Anasema hivyo na kutazama pembeni. Kitambaa cha puani hakifichi aibu.

Jambo lililofuata lilihitaji ulimi wa mtu mwingine. Mvi anajua kupima, kumimina na kurekebisha injini, lakini maneno yanamtoka kama punje kwenye gunia lililotoboka. Alirudi kwa bibi na kumwambia, bila kupindisha, kwamba hatamletea unga tena, aje mwenyewe.

"Umenichoka," bibi akasema. "Sema tu umenichoka."

"Sivyo bibi, mimi nilikosea..."

"Nenda, mjukuu wangu. Mashine inakusubiri."

Akaufungua mlango wote, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia, na Mvi alipotoka ukafungwa nyuma yake. Alhamisi iliyofuata haukufunguliwa. Wala iliyofuata tena. Mara zote mbili Mvi aliketi kizingitini na kuongea na mbao: bei ya dizeli, mtoto wake wa mwisho aliyeng'oka jino, salamu kutoka kwa mkewe.

"Mlango unasikiliza vizuri," anasema. "Tatizo haucheki."

Kisha jirani akampigia simu binti wa bibi kumwambia mama hali chakula. Binti akaomba ruhusa kazini. Jumamosi hii anakuja kumchukua mama yake akaishi naye mjini, kwenye chumba kimoja ghorofani. Si binti mbaya. Anatoka nyumbani kabla hakujapambazuka na kurudi giza limeingia, na jina la jirani wa mlango wa pili halijui.

"Najua atashinda peke yake," anasema kwa simu, na sauti yake inakatika kidogo. "Lakini huko nimwache na nani? Na kuta? Kama mama ana watu, mimi simng'oi."

Jumatatu jioni Mvi alikwenda tena kizingitini akasema maneno machache tu. Kesho ni Jumanne, bibi, foleni ipo. Kisha akainuka akaenda zake.

Ndiyo maana leo macho yake yako njiani. Jua limeshapanda, na foleni inaliwa ndoo baada ya ndoo. Watu wanapokea unga wao, wanajitwika na kuondoka, na kwa mara ya kwanza tangu ashike kazi hii Mvi anachukia kasi ya mashine yake. Zimebaki ndoo nne, na hatazami tena dirishani.

"Huyu mtoto kaachwa juani na nani?"

Sauti inapenya juu ya injini. Mkono wa Mvi unaganda hewani.

Bibi Kengele anateremka taratibu, kimfuko kwapani, khanga imefungwa kwa ukali wa mtu anayekwenda kushtaki. Anamsogeza mtoto wa watu kivulini, anamuuliza mama yake kama ana akili timamu, kisha anaweka kimfuko nyuma ya ndoo ya mwisho. Mvi anatoka hajajifuta hata uso.

"Shikamoo bibi."

Bibi anamwacha asimame hapo kwanza.

"Marahaba. Nimekuletea unga wako. Una chenga. Urudie."

Mvi anakifungua kimfuko. Ni unga ule ule aliousaga mwenyewe na kuuchekecha mara mbili, laini kama poda ya mtoto mchanga. Anauchota, anausugua kwa vidole, anautazama kwa makini yote ya fundi.

"Kweli bibi, una chenga," anasema bila kupepesa macho. "Nisamehe. Ila itabidi usubiri, kuna watu mbele yako."

"Nani amekuambia nina haraka?"

Ndoo nne si kitu, zinaisha mtu akiwa bado anasalimia. Mvi anarudi ndani, anazitazama, anautazama mkanda. Kisha anashusha mpini. Mashine inashusha pumzi na kunyamaza.

"Mkanda umelegea!" anatangaza dirishani. "Mtanivumilia kidogo."

Wenye ndoo wanaguna, wanasonya, halafu wanakaa. Bibi Kengele ameshamgeukia jirani yake. Mke wa fundi matofali kajifungua? Wa kiume? Kafanana na nani? "Msinidanganye, yule baba ana masikio, mtoto ana masikio?" Vicheko vinapasuka, na mama wa ndoo ya pili anasogea karibu ili asipitwe.

"Na mwanangu anakuja Jumamosi," sauti inapanda, ile ile ya shuleni. "Eti kunichukua. Aje, mumwone alivyonenepa, kisha arudi kazini kwake. Mimi niende wapi na hapa bado sijaambiwa habari za mbuzi?"

Ndani, Mvi ameushika mkanda ulio imara kabisa. Machozi yanachora michirizi miwili kwenye unga wa mashavu, na anapoulizwa anasema ni vumbi. Miaka ishirini kwenye vumbi hilo, leo ndipo limemuuma.

Anaeleza mpango wake kwa sauti ya chini. Alikuwa anaweka akiba ya mashine kubwa, ya kisasa, ambayo ingemaliza foleni yote kabla jua halijawa kali. Akiba hiyo sasa itanunua mabati na mbao. Anataka paa mbele ya kibanda na mabenchi yenye pa kuegemea mgongo, na seremala ameshakuja kupima.

"Na mashine kubwa?" anaulizwa.

"Ya nini? Watu wamalize upesi, warudi nyumbani wakakae na nani?"

Anajifuta uso kwa kiwiko, anaushika mpini na kuanza kuupandisha. Kutoka nje inakuja amri.

"Mvi! Usiliwashe hilo likelele lako. Sijamaliza kusema."

Anauachia mpini. Anafungua kitambaa puani, anavuta ndoo tupu, anatoka nayo, anaipindua na kuikalia mwisho wa foleni.