Blanketi Jekundu Ng'ambo ya Bonde

Wajukuu wangu wanafikiri kukuza kitu ni kuvuta picha kwa vidole kwenye simu. Mimi niliishia darasa la pili, lakini darubini niliijua kabla baba zao hawajazaliwa. Niliijua vizuri kuliko nilivyotaka.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, upande wa Lanet. Nilikuwa msichana wa kazi kwa mzungu mmoja mjane, aliyeweka verandani darubini ya kutazamia mwezi. Serikali ya mkoloni ilikuwa imewatoa watu wetu shambani na kuwafungia katika kijiji cha seng'enge, ng'ambo ya bonde. Mama yangu alikuwa huko, na kifua kilikuwa kikimsumbua. Mimi sikuwa na pasi, ile karatasi ya ruhusa, ya kwenda kumwona. Siku waliyomhamisha aliniambia, "Kila asubuhi nitaanika blanketi langu jekundu kwenye waya. Ukiliona, jua nimeamka."

Kwa macho matupu niliona moshi tu. Memsahibu akanihurumia.

"Wewe tazama hapa. Hapana shika kioo," akasema kwa kile Kiswahili chake cha kupasua kuni.

Akanionyesha vioo viwili vya kuwekea jicho. Kile kirefu kinakuza kidogo lakini kinakupa mahali pote. Kile kifupi kinakuza sana, kama mtu mfupi mwenye maneno mengi, ila kinaleta giza, kinatetemeka, na kinakupa kipande tu. Halafu unazungusha gurudumu polepole: ukungu, ukungu, mara kitu kinakuwa kikali kama wembe. Ukipitiliza, unarudi nyuma. Na watu wote wanaonekana miguu juu, kama popo. Nyanya yangu alikuwa akituambia kwamba wafu hutembea hivyo. Mara ya kwanza nilikimbilia jikoni. Baadaye nikazoea.

Kwa kioo kirefu nililiona kila asubuhi: doa jekundu, na mtu kando yake. Basi nikawa nafua nguo za watu huku naimba.

Asubuhi moja nikatamani uso wake. Nikaweka kioo kifupi, nikahangaika mpaka nikaupata waya, nikazungusha gurudumu. Ukungu ukaondoka. Mwanamke, kichwa chini, kitambaa kimefunika uso, analipiga blanketi kutoa vumbi. Analipiga kwa mkono wa kulia. Mama yangu alikuwa wa kushoto. Alichapwa utotoni aache, hakuacha.

Nikajiambia: kioo kinapindua kila kitu, basi kimepindua na mikono.

Nililala na uongo huo siku mbili. Ya tatu nikamwomba mpishi, "Mzee, nenda usimame kule langoni. Nipe mgongo, na panga ulishike mkono wa kulia."

"Wewe msichana, unanipima kaburi?"

"Nenda tu, mzee wangu."

Akaenda akicheka. Nikamtazama, miguu juu. Nikapinda shingo kumfuata alivyokaa, mpaka mishipa ikauma. Panga lilikuwa mkono wa kulia. Darubini ilimpindua mtu mzima, lakini mkono wake ilimwachia.

Nikaigeuza tena ng'ambo. Yule mwanamke aliacha kulipiga blanketi, akageuka, akasimama ananitazama moja kwa moja ndani ya jicho, na bonde zima likiwa kati yetu. Hakuweza kuniona. Hata hivyo aliinua mkono, akaniamkia. Mkono wa kulia.

Pasi niliipata mvua zilipoanza. Mwanamke yule alikuwa jirani wa mama, kibanda kwa kibanda. Alinisubiri mlangoni, blanketi limekunjwa mikononi.

"Mama yako aliniagiza nisiache kuanika," akasema. "Aliniambia, binti yangu anatazama."

Mama alikuwa amezikwa zamani, tangu nilipokuwa nikiimba kwenye karai la nguo.

Blanketi hilo ninalo mpaka leo. Nikilifua, nalikaushia ndani.