Kikombe cha Kuonja

Nyuma ya wauza viatu vya mitumba, pale sokoni, kuna mwanamke ambaye hakuna anayemjua kwa jina la kuzaliwa. Wote humwita Mama Nionje. Jina hilo alilipata kwa haki. Katika miaka ishirini na miwili ya kuuza dawa za miti shamba, hajawahi kumpa mteja kikombe kabla hajakionja yeye mwenyewe, mteja akimtazama. Huchemsha, humimina vikombe viwili, hupiga funda la kwanza, hufuta midomo kwa kiganja na kusema, "Haya. Kama ni sumu, tutakufa wote." Watu hucheka, hunywa, na wiki inayofuata hurudi na shangazi zao.

Mtindo huo ulimpa jeuri, na sitadanganya, jeuri yenyewe ilimkaa vizuri. Ukutani alibandika kipande cha boksi chenye maandishi ya mkaa: MFICHA MARADHI KIFO HUMUUMBUA. Kuonja ilikuwa sheria yake ya kwanza. Ya pili ilikuwa kutomtajia mtu yeyote mchanganyiko wake, maana marehemu mama yake, aliyemfundisha kazi, alimwambia dawa ikitajwa hukimbia. Mambo ya hospitali hakuyauliza wala hakutaka kuambiwa. Ukimtolea pakiti ya vidonge mezani pake, alikucheka mpaka wauza viatu wakageuka. Basi watu wakaacha kumtolea, naye akadhani hawavimezi.

Mdogo wake, fundi cherehani, alikuwa mmoja wa hao wasiotoa. Mwaka uliopita, mimba yake ya pili ilipoharibika, aliifunika cherehani kwa shuka na kukaa miezi mitatu bila kuifunua. Chakula hakikupita, usingizi haukuja, wateja walibisha hodi akajifanya hayupo. Dada mtu alimchemshia hiki na kile. Kisha taratibu fundi akaanza kuinuka, akaitoa shuka, siku moja akasikika akicheka na mteja. Mama Nionje alitamba soko zima kwamba mizizi yake imemrudisha mdogo wake duniani. Hakujua kuwa kilichomrudisha ni kidonge kimoja cheupe cha kila asubuhi, alichoandikiwa hospitali kwa ugonjwa wa sonona, na kwamba vidonge hivyo vilikaa ndani ya kopo la vifungo. Mumewe fundi naye hakujua.

Mwaka huu mfanyabiashara wa jumla akamletea Mama Nionje unga wa maua fulani ya manjano kutoka nchi za mbali, unaosifiwa kwa kuondoa uzito moyoni. Aliuonja siku saba mfululizo, asubuhi na jioni. Akalala vizuri, akaamka na nguvu za punda. Akauchanganya na mizizi yake, na kopo la kwanza akampelekea mdogo wake, ambaye wiki hiyo alionekana mchovu, akipiga miayo juu ya kitambaa. Fundi aliona haya kukataa. Akawa anakunywa vikombe vitatu kwa siku, na jioni dada yake akipita, walikunywa pamoja.

Siku ya sita, mchana, shemeji mtu akampigia simu aje haraka. Mama Nionje alimkuta mdogo wake kando ya cherehani, blauzi imelowa jasho, mikono ikitetemeka hata uzi haukubali kuingia kwenye sindano. Miguu ilikuwa ikirukaruka yenyewe. Aliuliza swali lile lile mara nne, kwa haraka, na moyo ulimdunda kiasi cha kuonekana shingoni.

Mkono wa Mama Nionje ulikwenda moja kwa moja kwenye birika. Alitaka kumwongezea.

"Shemeji, weka chini," mume wa fundi akamwambia. "Tunakwenda hospitali."

Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyechomeka kalamu kwenye nywele. Aliuliza mgonjwa amekula nini, amekunywa nini, ametumia dawa gani. Mama Nionje akajitokeza, kifua mbele.

"Amekunywa dawa yangu, daktari, na mimi nimekunywa hiyo hiyo. Nitazame. Nimesimama."

Daktari akamtazama kweli, hakucheka. "Ina nini ndani, mama?"

Mama Nionje alimsikia mama yake marehemu masikioni. Mdogo wake naye alikodolea macho dari. Ndugu wawili wa tumbo moja, kila mmoja na kopo lake. Daktari akasema anaweza kubahatisha, ila akikosea, atakayeumia ni huyu aliyelala hapa.

Mama Nionje akautazama mkono wa mdogo wake ukitetemeka juu ya shuka, mkono uliowashonea nusu ya mtaa. Aliogopa, na hofu ile hakuwahi kuionja. Akaanza kutaja. Alitaja mizizi yote minne, mmoja mmoja, kisha maua ya manjano. Kwenye maua, daktari akainua kichwa.

"Dada," akamwambia mgonjwa kwa upole, "kuna vidonge unatumia?"

Fundi akalia. "Nisamehe, dada yangu. Vimo kwenye kopo la vifungo. Niliogopa utanicheka."

Daktari akawaeleza. Kidonge na maua yale huongeza kitu kile kile kwenye ubongo. Ni kama wapishi wawili wanaotia chumvi kwenye sufuria moja, kila mmoja hajui mwenzake keshatia. Maua yakome leo. Kidonge pia kisimamishwe kwanza, kisha yeye daktari atasema lini kirudi, na baada ya hapo mgonjwa asikiache kwa uamuzi wake.

Mama Nionje alikaa kwenye benchi, mikono mapajani.

"Mimi nilionja kikombe," akasema. "Kidonge sikukionja."

Siku ya tatu mikono ya fundi ilitulia. Siku hiyo hiyo Mama Nionje alirudi sokoni, akasimama katikati ya wauza viatu, na kwa sauti ile ile aliyotambia akasema kwamba mdogo wake aliponywa na hospitali, na kwamba yeye karibu amuue. Wengine walitarajia afunge meza. Thubutu! Aliweka sahani moja tupu kando ya vikombe viwili. Siku hizi jiko haliwashwi mpaka mteja aweke pale kila anachomeza. Mwenye vidonge hapewi kikombe; hupewa karatasi yenye majina ya vilivyomo kwenye dawa, siri yote ya marehemu mama, aende nayo hospitali akaulize kwanza. Dawa haijakimbia, na wateja pia hawajakimbia.

Wa kwanza kuiwekea sahani ile kitu alikuwa fundi cherehani. Alikuja na mafua, saa ya watu wengi, akaiweka pakiti yake ya vidonge, ambavyo daktari alikuwa ameshamruhusu kuvirudia, mbele ya kila mtu. Wauza viatu wakageuka. Mama Nionje hakucheka. Alisoma pakiti mbele na nyuma, akaiacha mizizi kwenye mkoba, akamimina maji ya moto matupu kwenye vikombe viwili. Akapiga funda la kwanza, akafuta midomo kwa kiganja.

"Haya," akasema. "Haya tunaweza kunywa wote."