Mwizi wa Mafuta ya Injini

Injini ya mvuke ya shamba letu la mkonge hapa Mlali ilinunuliwa ikiwa kuukuu, nami naiangalia peke yangu. Anayenisalimu ni Mzee Kobelo tu, mleta mafuta.

Jana ekseli ya gurudumu lake ilichemka. Nikaongeza mafuta, yakamwagika nje, ikazidi kuchemka. Kwa akili yangu fupi nikasema mafuta yametiwa maji, nikamwita mzee mwizi mbele za watu. Kwa haki niseme, hajawahi kunikosea. Leo asubuhi nilimpa shikamoo, akapita kimya. Nilitamani hata anitukane.

Mchana fundi Mjerumani aliyeitwa kuikagua injini alichokonoa tundu la mafuta, akavuta kitambaa kilichochanika na kunasa humo nilipolisafisha kwa shati langu bovu.

Mzee Kobelo alikitazama. "Mwanangu, mwizi wako huyo. Mbona kavaa shati lako?"