Jina la Baba mbele ya Notaire

Baba yangu alifanya kazi mgodini maisha yake yote kwa jina la kaka yake. Kaka huyo alimaliza shule huko Lukafu, akapata cheti, kisha homa ikamchukua kabla hajakitumia. Babu akampa baba kile cheti, akamwambia aende Lubumbashi. Jina likaingia kwenye karatasi za kazi, kwenye kadi, kwenye cheti cha ndoa, mwisho kwenye hati ya nyumba yetu ya Kamalondo. Mama alikuwa akimtania kwamba ameolewa na wanaume wawili, na kwamba mmoja wao hajawahi kula chakula chake hata siku moja. Sisi watoto tulicheka. Ujinga gani ule.

Alipougua mapafu, hofu yake ilikuwa moja: akifa, ndugu zake watamtoa mama nyumbani. Tumewaona wajane wangapi wakitupiwa masufuria barabarani! Akataka wosia ulioandikwa mbele ya notaire, afisa wa kuthibitisha hati, nyumba iwe ya mama. Tukaenda asubuhi, yeye, mimi bintiye mkubwa, na majirani wawili wa kushuhudia, ambao walimjua kwa jina la kazini tu.

Notaire alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani. Alichukua kadi, akatazama picha, akatazama uso wa baba, akarudi kwenye picha. Kisha akaeleza kwamba kadi peke yake haitoshi, mwenye kusaini lazima ajitaje kwa kinywa chake.

"Muzee, jina yako ni nani?"

Baba akataja jina lake. Lake kabisa, lile alilopewa na mama yake, ambalo mimi nilikuwa nimelisikia kwa shangazi tu, kwenye matanga. Nadhani alichoka. Mtu anayejua kwamba anakufa, akiulizwa kwa heshima yeye ni nani, atadanganya mpaka lini?

Notaire akaweka kalamu chini. "Jina hiyo haiko pa karte, wala pa hati ya nyumba. Kama uko muntu mwingine, siwezi kuandika kitu. Lazima mupite kwanza ku tribunal."

Mahakama ni miezi, na baba hakuwa na miezi. Kutoka mlangoni hadi kitini tu alikuwa amepumzika mara mbili. Notaire akanigeukia mimi.

"Mama, huyu muzee ni nani?"

Nikataja jina la baba mkubwa, marehemu. Nililitaja bila kigugumizi. Tena nikaongeza, "Mumusamehe, mama. Ugonjwa inamuchanganya kichwa."

Kichwa cha baba kilikuwa kizima kuliko changu. Majirani wakaitikia kwamba ndiyo, ndiye huyo. Baba hakunitazama. Alipoulizwa tena alijibu kama kadi inavyosema, akaweka ile saini ya kazini, akabonyeza kidole kwenye wino. Nyumba ikawa salama. Mama anaishi humo hadi leo, na kwa hilo sijuti.

Wakati wa kurudi majirani walitangulia. Baba alisimama kuvuta pumzi, akanishika mkono.

"Mutoto yangu, uniite jina yangu. Ile ya kweli. Mara moja tu, nisikie."

Kwetu mtoto hamwiti baba yake jina usoni. Nililelewa hivyo, kwa fimbo. Nikafungua mdomo, ulimi ukagoma. Nilimwona akingoja, na bado ukagoma.

"Papa," nikasema, "twende, jua inawaka."

"Aya," akajibu, tukaendelea polepole hadi nyumbani.

Alifariki kabla wiki haijaisha. Tangu siku hiyo nimelitamka jina lile mara nyingi, nikiwa peke yangu jikoni, wala hakuna anayeitika.