Ushago Wangu ni Ghorofa ya Sita

Du-du-CHA. Du-du-CHA. Wiiiiu.

Bado naisikia ilivyolipuka Jumapili ile, katikati ya sala ya sadaka, mchungaji amefumba macho na mikono iko juu. Nilijua mara moja ni nini. Ulikuwa mdundo wangu. Ile wiiiu niliitoa kwenye kigurudumu cha pembeni cha kinanda, nikikizungusha mpaka sauti ikapinda kama mlevi anayetafuta mlango wake.

Kanisa letu halina jengo. Tunakodi ukumbi wa shule hapa mtaa wa Pipeline, Nairobi, kwa hivyo vyombo hulala majumbani kwa waumini. Spika huenda kwa shemasi, vikapu vya sadaka kwa mwenyekiti wa kwaya, na kinanda huja kwetu, chini ya kitanda changu, kwa sababu mama yangu ni mwimbaji wa kwaya na anaaminika. Aliniruhusu nijifunzie nyimbo. Hakuuliza nyimbo za nani.

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikaingia kusuka nywele. Muziki sikusomea popote. Lakini nilikuwa na kinanda, simu ya kurekodia, na blanketi la kujifunika nikiimba ili mtoto wa jirani asisikike akilia. Humo ndani, jasho likinitiririka, nilitengeneza albamu nzima. Muziki huo wenyewe huuita sinthpop, pop ya vinanda vya umeme. Mimi nauita muziki wa roboti aliyeachwa na mpenzi.

Wimbo mkubwa ulitokana na swali ambalo kila mtu huniuliza: "Ushago ni wapi?" Yaani kijijini, kwa wazee. Baba ni Mkamba, mama ni Mluhya. Nikienda kwa kina baba, mimi ni yule wa Magharibi. Nikienda kwa kina mama, mimi ni yule wa Ukambani. Kote wananipa mahindi, nakula, narudi. Basi nikaimba: *Ushago wangu ni ghorofa ya sita, shamba langu ni sukuma ndani ya ndoo.* Tunakaa ghorofa ya sita, na mboga zetu za sukuma wiki huota kwenye ndoo, balkoni. Na ile du-du niliitafuta siku nzima mpaka ikafanana na mtungi wa maji ukigonga ngazi.

Sasa, kaka anayepiga kinanda kanisani hubonyeza kibonye kilekile kila wakati wa sadaka, cha mwisho kulia, bila hata kutazama. Ndicho nilichohifadhia mdundo na nikasahau kuufuta.

Kwetu sadaka hutolewa kwa kucheza, safu moja baada ya nyingine hadi kwenye kikapu. Siku hiyo watu walisita kidogo. Halafu nyanya mmoja wa safu ya mbele akainua kitambaa, akatikisa mabega, akaenda. Akatoa, akarudi, akaenda tena mikono mitupu, akakisalimia kikapu tu. Mchungaji alifungua jicho moja. Kisha naye akaanza kutikisa mguu.

Baada ya ibada mwenyekiti wa kwaya, mama wa makamo, alinishika mkono.

"Hiyo kitu ni yako?"

"Ni yangu, mama."

"Iko na maneno?"

Nikamwimbia. Akafumba macho.

"Tamu sana. Sasa sikiza, msichana wangu. Toa ghorofa. Weka, 'Ushago wangu ni mbinguni.' Kwaya yote, sare mpya, tunaenda bustani yenye maua, tunashuti video tukiyumba hivi." Akayumba. Kaka wa kinanda naye akayumba.

"Na ndoo ya sukuma?"

"Mbinguni hakuna sukuma."

"Hata kidogo?"

"Huko ni maziwa na asali!"

"Na wimbo utakuwa wa nani?"

"Wa Bwana," akasema.

"Na kwaya," kaka akaongeza haraka.

Ningekataa papo hapo, lakini mama yangu alikuwa amesimama kando, na macho yake yalikuwa yanang'aa. Miaka yote ya kuimba, hajawahi kuonekana kwenye video. Nikasema nitafikiria.

Tukapandisha kinanda nyumbani, mimi nimeshika kichwa, yeye miguu, kama tumebeba mgonjwa. Ghorofa ya nne akaomba tupumzike. Akakaa kwenye ngazi akijikanda magoti.

"Mama, ukitaka niwape, nitawapa."

Akatazama ngazi zilizobaki. "Mbinguni kuna ngazi?"

"Sijui. Sidhani."

"Basi huo wimbo si wa huko. Hiyo du-du ni mtungi wangu. Nimeubeba tangu kabla hujazaliwa." Akavuta pumzi. "Wape mdundo wacheze. Maneno kaa nayo."

"Na video?"

"Nitavaa sare nisimame kwa balkoni, karibu na sukuma. Wewe unipige video na simu. Lakini usionyeshe magoti."

Nikampigia mwenyekiti simu. Nikamwambia mdundo wachukue, maneno nabaki nayo.

"Kwa hivyo hutaki mbinguni?"

"Naitaka, mama. Lakini si kwa albamu ya kwanza."

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia nina kiburi, kisha akauliza kama mdundo utakuwa tayari Jumapili.

Siku mama alipoenda mazoezi ya kwaya, niliiweka albamu mtandaoni, ghorofa ikiwa ghorofa na ndoo ikiwa ndoo. Kisha nikapiga magoti, nikavuta kinanda kutoka chini ya kitanda na kukiwasha, sauti chini kabisa. Nikaifuta midundo yangu mmoja baada ya mwingine. Wa kibonye cha mwisho kulia niliuacha. Nikaubonyeza, nikachukua sufuria nikaiweka mlangoni kama kikapu cha sadaka, nikaiendea nikitikisa mabega kama yule nyanya, na nilipofika nikaisalimia. Halafu nikafunika kinanda na leso ya mama, nikakirudisha chini ya kitanda.