Swali la Mtoto Asiyebatizwa

Kijijini kwetu hakuna anayebisha hili: mimi ndiye wa kwanza katika ukoo kuvuka bahari kwa ajili ya masomo, na hakuna mjomba wala padri aliyenilipia. Nauli niliipata kwa kuuza mitumba soko la Tarakea, miaka ile biashara ilipofunguliwa na watu wakaanza kung'oa kahawa wapande nyanya. Ulaya niliosha vyombo hotelini jioni, mchana nikasoma falsafa. Stashahada yangu ipo sebuleni kwenye fremu ya mninga, na mgeni hakai kabla hajaiona.

Somo nililolipenda kuliko yote ni utangulizi wa falsafa ya Zama za Kati. Wazungu wenzangu walilikimbia, wakidai ni mambo ya watawa. Mimi nililiona ni la kwetu, maana watawa wale walifikiri kama wazee wetu wanavyoamua kesi ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Huanzi na jibu. Unaweka swali, kisha unaeleza hoja za anayekupinga, tena unazieleza vizuri kuliko yeye mwenyewe. Ukishamaliza ndipo unasema, "Lakini kinyume chake," na hapo ndipo unaruhusiwa kutoa lako. Anayeanza somo hili akilijua hilo tu, amefika nusu ya njia. Mwalimu alisema mbele ya darasa zima kwamba nina kipaji cha hoja. Hakukosea.

Niliporudi nilimkuta mama chini ya migomba akimenya ndizi za mtori, mikono myeusi kwa utomvu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umenenepa! Ulikwenda kusoma au kula?"

"Vyote, mama."

"Haya, kaa. Niambie ulichosoma, maana majirani wananiuliza kama sasa unatibu watu, na mimi nawajibu ndiyo."

Nikamweleza. Nikamwambia watawa wale waliuliza kila kitu: kama Mungu yupo, kama malaika wana mwili, mtoto akifa kabla ya ubatizo anakwenda wapi.

Kisu kikasimama.

Kabla yangu mama alizaa mtoto aliyekufa siku hiyohiyo, katekista akiwa bado anapanda mlima na maji yake. Hakupewa jina. Walimfunga kwa majani ya mgomba wakamlaza kwenye kona ya kihamba, na mama akapanda isale, mmea tunaouweka mipakani na makaburini, na ambao jani lake mtu hulibeba anapokwenda kuomba msamaha. Tulikatazwa kukata majani ya ng'ombe pale. Mama alipapalilia mwenyewe, wala hakuna aliyewahi kumsikia akiuliza lolote.

"Walipata jibu?" akauliza.

"Walipata."

Nikampa lote kwa mpangilio, hoja kwa hoja, kwa fahari. Wa kwanza walisema mtoto huyo anaingia motoni, ingawa moto mdogo. Waliokuja baadaye wakakataa: asiye na dhambi yake mwenyewe hawezi kuteswa. Yuko pembeni, mahali pasipo maumivu. Hauoni uso wa Mungu, lakini kwa kuwa hajui alichokosa, hahuzuniki.

"Haumii?"

"Hata kidogo."

"Wala halii?"

"Halii."

"Na mimi atanijua?"

"Mama, wewe utakuwa kwa Mungu. Umebatizwa."

"Nimekuuliza kama atanijua."

Nikamjibu kama niko kwenye mtihani: asiyewahi kumjua mtu hawezi kumkosa. Akaendelea kumenya.

Jumapili iliyofuata hakwenda misa. Iliyofuata tena, hakwenda. Huyu ndiye mama aliyezoea kufika kanisani kabla ya mpiga kengele. Wanawake wa jumuiya walipokuja akawaambia goti linamsumbua. Mimi aliniambia ukweli.

"Huko pembeni kunanitosha. Sitaki zaidi."

"Huwezi kwenda kule, mama! Mtu aliyebatizwa akimwacha Mungu, haendi pembeni. Anakwenda motoni. Naweza kukuonyesha ukurasa."

"Kwa hiyo kilichotutenga ni maji." Akakunja kiganja, akakitazama. "Maji kidogo hivi."

Akaugua, tukampeleka hospitali Mawenzi, mjini. Padri alipomletea komunyo, alifunga kinywa kama mtoto anayekataa dawa. Padri akanigeukia. "Wewe ndiye msomi. Sema na mama yako."

Hoja zote nilikuwa nazo. Sikutumia hata moja.

"Mama, kuna sehemu sikukueleza. Wale wakubwa wa mwisho walibadilisha. Watoto wote wapo kwa Mungu, na wanawajua mama zao."

"Uliyasoma wapi hayo?"

"Mwaka wa pili."

Kwetu kila aliye mbali hurudi mlimani Krismasi, na mama alizoea kuwahesabu waliofika kama alivyohesabu kuku.

"Mwaka wa pili upi?" akasema polepole. "Ulikosa Krismasi moja tu, baba."

Nikaunyoosha mto wake. Alinitazama, kisha akafumbua kinywa, na padri akamkomunisha. Kama aliniamini au alinihurumia, sijui. Tulimzika kando ya baba, kama desturi inavyotaka, mbali na ile kona. Siku hizi ninayeipalilia ni mimi.

Sasa ninafundisha utangulizi uleule katika chuo kimoja mjini, na ninaufundisha vizuri, waulize wanafunzi. Tukifika swali la watoto wale, naeleza hoja za wanaopinga, zote, vizuri kuliko wenyewe. Nikifika kwenye "Lakini kinyume chake," nafuta ubao, nawaambia muda umekwisha. Kuna siku mmoja wao aliitazama saa yake, akanitazama mimi, akakusanya vitabu vyake.